Upepo Ukizidi: Historia ya Kupunguza Tanga Kuu

Nahodha akiona maji yanaingia weusi upande wa goshini, hangoji. Anatoa amri, mabaharia wanaikimbilia henza, kamba ya kutweka tanga, na foromali, mti ambao urefu wake hukaribia urefu wa jahazi lenyewe, unateremka na tanga lake hadi sitahani. Tanga kubwa linafunguliwa na kuwekwa kando, dogo linafungwa kwenye foromali ileile, kisha wote wanashika kamba na kutweka upya. Tanga la jahazi halina mikunjo ya kulipunguza. Upepo ukizidi, linabadilishwa lote.

Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, aliishi na kazi hiyo msimu wa 1938 hadi 1939, aliposafiri kutoka Aden mpaka pwani yetu ndani ya bumu la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi. Chombo kilipita Lamu, Mombasa na Unguja, kikaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha kikarejea Ghuba na kusi. Mabaharia walikuwa karibu 30, wakivuta henza kwa nyimbo. Hawakuwa na mshahara wa mwezi. Kila mmoja alipata fungu lake katika faida ya safari. Kwa hiyo mtu mmoja zaidi hakumgharimu sana mwenye chombo, na palipo na watu 30, kubadilisha tanga zima ni jambo la dakika chache.

Sasa mfikirie mtu aliyestaafu, yeye na mkewe, wanaonunua yoti ya mita 12 ili waizunguke dunia taratibu. Tanga lao kuu lina mita za mraba zipatazo 40. Usiku, mmoja amelala, mwingine yuko penye usukani, na upepo unaongezeka. Muuzaji amekwisha kuwauliza: mnataka tanga likunjwe kwa tabaka juu ya boriti, mti ule wa chini ya tanga, kama zamani, liviringwe ndani ya mlingoti, au liviringwe ndani ya boriti? Watu hubishana juu ya swali hili kana kwamba ni suala la ufundi tu. Mimi naona huwezi kulijibu vizuri bila kujua kila jibu lilizaliwa lini na kwa shida gani. Na shida hiyo, ukiifuata karne baada ya karne, karibu kila mara ni kwamba mikono ilipungua chomboni kabla ya tanga kupungua.

Vikamba vya Ulaya, karne ya 13 hadi ya 18

Mihuri ya miji ya bandari ya Uingereza na Ufaransa ya karne ya 13 imechorwa meli zenye tanga moja la mraba, na juu ya tanga hilo safu za vikamba vifupi vinavyoning'inia. Vikamba hivyo ndivyo mkunjo. Sehemu ya tanga inakusanywa, vikamba vinafungwa kuizunguka, na eneo linaloshika upepo linapungua. Baadaye mabaharia wa huko waliviacha kwa muda mrefu, wakawa wanafunga kipande cha ziada chini ya tanga na kukivua upepo ukichafuka. Kufikia karne ya 17 meli zilikuwa zimekua, matanga yamepandiana ghorofa kwa ghorofa, na vikamba vikarudi.

Kazi yake ilikuwa ya kutisha. Watu walipanda juu ya mlingoti, wakasimama juu ya kamba iliyofungwa chini ya foromali, wakalaza matumbo yao kwenye mti huo, na kuvuta kwa mikono yote miwili kitambaa kilicholowa na kukakamaa kwa baridi. Aliyeteleza alianguka sitahani au baharini. Manowari na meli kubwa za biashara ziliweza kufanya hivyo kwa sababu moja: zilijaza watu.

Katika vyombo vidogo, vile vyenye tanga lililofungwa upande mmoja kwenye mlingoti na chini kwenye boriti, vikamba vilevile vilifungwa kutoka sitahani bila kupanda juu. Tanga kuu la yoti ya leo limetokana na hilo.

Foromali inayozunguka, 1850 hadi 1870

Mwaka 1849 dhahabu iliwavuta watu California, na mwaka 1851 ikawavuta Australia. Mabaharia walioshusha nanga San Francisco walizitoroka meli zao na kwenda machimboni, na ghuba ile ikajaa vyombo vilivyoachwa. Wenye meli waliobaki walilazimika kuwalipa zaidi wachache waliowapata. Hapo ndipo akili zilipoanza kufanya kazi juu ya kitu ambacho kwa karne nyingi kilitatuliwa kwa kuongeza watu.

Mwaka 1850 Mwingereza Henry Cunningham alibuni foromali inayozunguka. Foromali ilipoteremshwa, minyororo iliyoishikilia iliizungusha, na tanga likajiviringa juu yake kama mkeka, watu wakiwa wamesimama sitahani. Miaka minne baadaye nahodha wa Marekani, Frederic Howes, alipata hataza ya wazo tofauti kabisa. Aliligawa tanga la juu mara mbili na kulipa kila pande foromali yake. Upepo ukizidi, unateremsha la juu, basi. Hakuna kinachozunguka, hakuna cha kunasa.

Mbinu ya Howes ndiyo iliyoenea. Wazo la Cunningham lilikuwa zuri, lakini lilitegemea chuma kizunguke vizuri siku ambayo chumvi, barafu na mzigo wa upepo vyote vimekikalia. Nayasimulia haya kwa sababu mashindano yale ya miaka ya 1850, kati ya kuviringa na kuteremsha, ndiyo yaleyale yanayoendelea kwenye yoti mpaka sasa. Kilichobadilika ni ukubwa wa chombo na idadi ya watu.

Mtu mmoja na kijana, 1877 hadi 1914

Matajiri wa Uingereza waliosafiri kwa starehe karne ya 19 hawakujisumbua na mikunjo; waliajiri watu. Richard McMullen, dalali wa hisa wa London, alikuwa na yoti yake Orion ya tani 19, na mabaharia wawili wa mshahara. Mwaka 1877, akiwa Cherbourg, Ufaransa, alichoshwa na uvivu wao, akawaondoa na kuirudisha Orion kwao peke yake. Chombo kile kilikuwa kizito mno kwa mtu mmoja, naye aliandika kwa kirefu jinsi alivyofanya, akizieleza kamba moja baada ya nyingine. Juni 1891 alifia baharini ndani ya yoti nyingine, ndogo zaidi, peke yake penye usukani. Wavuvi wa Kifaransa ndio waliomkuta, chombo kikiwa bado kinakwenda.

Miaka minne tu baada ya hapo, Aprili 1895, Joshua Slocum aliondoka Boston na Spray, chombo cha mita 11 alichokijenga upya kwa mikono yake. Juni 1898 akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake. Mikunjo yake ilikuwa ya vikamba. Hila yake kubwa ilikuwa kwingine: Spray ilikuwa na ulinganifu mzuri hivi kwamba usukani ulifungwa kwa kamba na chombo kikashika njia chenyewe, naye akapata mikono miwili ya kushughulikia tanga.

Lakini waliolisukuma jambo hili mbele zaidi walikuwa watu wa kazi. Kwenye Mlangobahari wa Bristol, marubani wa bandari za Cardiff, Barry na Newport walishindana kuzipokea meli mbali baharini. Aliyeifikia meli kwanza ndiye aliyepata kazi. Walitumia vyombo vya matanga vya mita 12 hadi 15, imara na vyepesi kwenda, na rubani alipopanda meli, chombo kilirudishwa nyumbani na mtu mmoja na kijana mwanagenzi. Watu wawili, usiku wa Januari, na tanga kuu ambalo leo lingetisha mabaharia sita.

Vyombo hivi vilifungiwa boriti inayozunguka. Mwisho wa boriti, pale inapokutana na mlingoti, paliwekwa gia ya parafujo yenye mkono wa kuzungusha. Mmoja analegeza henza kidogo kidogo, mwenzake anazungusha mkono, na tanga linajiviringa kwenye boriti kama pazia la dirisha. Hakuna kushika kitambaa, hakuna kufunga vikamba gizani na vidole vilivyokufa ganzi. Ukitaka mkunjo mdogo, unazungusha kidogo. Ukitaka mkubwa, unaendelea.

Meli za mvuke zilipochukua kazi ya marubani, vyombo hivi viliuzwa kwa bei ya chini, na wapenzi wa safari wakavinunua. Mmoja wao anastahili kutajwa hapa kwa sababu tunamjua kwa jambo jingine. H. W. Tilman alilima kahawa Kenya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1930 alipanda Mlima Kenya na Eric Shipton kwa njia ya ukingo wa magharibi. Alipofikia umri ambao milima mirefu ilianza kumlemea, mwaka 1954 alinunua Mischief, chombo cha rubani kilichojengwa Cardiff mwaka 1906, akaenda nacho Patagonia, kisha Greenland na visiwa vya kusini ya mbali. Mischief ilizama mwaka 1968 karibu na kisiwa cha Jan Mayen. Chombo kilichotengenezwa ili mtu mzima na kijana wakirudishe Cardiff kilikuwa kimefika kwenye barafu za pande zote mbili za dunia.

Marekani, kisha Terylene

Boriti inayozunguka ilikuwa na adui mmoja ambaye hatukumtaja: kitambaa. Tanga la pamba au kitani likiviringwa likiwa limelowa, na kuachwa hivyo, huota ukungu na kuoza. Kwa hiyo ulipofika bandarini ulilazimika kulifungua tena, kulianika, na kulikunja upya. Kuviringa kulikusaidia baharini tu.

Wasomaji wa pwani wanalijua tanga la pamba vizuri. Marekani, kitambaa kile cheupe kigumu, kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Watu walikivaa, wakakifanyia biashara hadi bara, na mafundi wa matanga wakakishona. Jua na mvua vilikula tanga la marekani polepole, na kulianika ilikuwa sehemu ya maisha ya bandari.

Mwaka 1941, katikati ya vita, wanakemia wawili wa Uingereza, John Rex Whinfield na James Dickson, walitengeneza uzi ambao ulikuja kuitwa Terylene. Wamarekani wakauita Dacron. Katika miaka ya 1950 ulifika kwa washona matanga. Kitambaa chake hakiozi na hakinyonyi maji, na umbo lake hudumu. Adui yake ni jua, ndiyo maana matanga yanayokaa wazi hushonewa ukanda wa kitambaa kingine ukingoni. Lakini kuanzia hapo tanga lingeweza kuviringwa likiwa limelowa na kuachwa wiki nzima. Sioni badiliko lingine katika historia hii lililokuwa na matokeo makubwa kama hilo. Mashine zote za kuviringa zilizofuata zimekaa juu ya uzi ule.

Jester, 1960

Tarehe 11 Juni 1960, shindano la kwanza la kuvuka Atlantiki mtu mmoja mmoja lilianza Plymouth kuelekea New York. Aliyelianzisha wazo hilo alikuwa Herbert Hasler, askari wa majini aliyeongoza uvamizi wa mitumbwi dhidi ya meli za Wajerumani Bordeaux mwezi Desemba 1942, ambapo kati ya watu kumi ni yeye na mwenzake mmoja tu waliorudi hai. Mtu aliyepitia hayo angeweza kupenda ushupavu. Hasler alitaka kinyume chake: alitaka safari ya bahari kuu isiyomlazimu mtu kujitesa.

Yoti yake, Jester, ilikuwa na urefu wa mita 7.6 na tanga la Kichina. Wachina walikuwa wametatua suala la kupunguza tanga zamani sana. Tanga lao limegawanywa na fito ndefu za ulalo kutoka ukingo hadi ukingo, kama mkeka uliotiwa vijiti. Ukilegeza henza, fito ya chini inashuka na kulala juu ya boriti, kisha ya pili, kisha ya tatu, kila moja kwa uzito wake. Kamba za pembeni zinalipokea tanga lisimwagike. Ukitaka kuliongeza, unavuta henza.

Hasler alizileta kamba zote kwenye tundu la duara katikati ya sitaha. Akiwa amesimama ndani, kifua tu kikiwa nje, alipunguza na kuongeza tanga bila kukanyaga sitaha. Francis Chichester alishinda kwa siku 40 akiwa na yoti kubwa zaidi. Hasler alifika wa pili kwa siku 48. Vyombo vilivyoshiriki vilikuwa vitano tu. Tanga la Kichina halikuenea sana, kwa kuwa linapoteza kidogo chombo kinapobisha dhidi ya upepo na halikuvutia macho ya wanunuzi. Lakini Hasler aliacha kitu kilichodumu: wazo kwamba kazi ya kupunguza tanga inaweza kuletwa pale alipo mtu, badala ya mtu kuifuata kwenye mlingoti.

Mikunjo inarudi, 1965 hadi 1980

Miaka ile yoti nyingi mpya bado zilitoka viwandani na boriti inayozunguka, na kasoro zake zilianza kuwachosha watu. Tanga likiviringwa, kitambaa cha katikati, chenye tumbo, hakiviringiki sawa na kingo. Boriti inaanza kuinama nyuma mpaka karibu ipige vichwa vya watu. Tanga linakuwa na mifuko na makunyanzi, na tanga la namna hiyo husukuma chombo upande kuliko linavyokivuta mbele, tena wakati upepo ni mkali na unahitaji tanga bapa kuliko wakati wowote. Na kwa kuwa boriti lazima izunguke, huwezi kufunga kamba katikati yake ya kuishikilia chini.

Hapo vitu vitatu vilikutana. Winchi ndogo za bei nafuu zilipatikana kwa kila mtu. Kamba za polyester hazikuvutika kama za katani. Na kapi zilikuwa laini kuliko zile za babu zetu. Washindani wa mbio waligundua kwamba mkunjo wa zamani, ukiusaidia kwa winchi, ni wa haraka kuliko gia ya parafujo.

Tuutazame kwa karibu. Unalegeza demani, kamba ya kuongozea tanga, ili tanga lipumue. Unateremsha henza hadi alama uliyoitia kwa uzi wa rangi. Pete ya chuma iliyoshonwa ukingo wa mbele unaitia kwenye pembe iliyo penye kiungo cha boriti na mlingoti, kisha unakaza henza tena. Sasa unavuta kamba ya mkunjo: inapita ndani ya boriti, inatoka mwishoni, inapanda hadi pete ya ukingo wa nyuma na kurudi chini. Winchi inazunguka, kona ya nyuma inashuka, kitambaa kinatanuka kwa sauti ya ngozi ya ngoma inayowambwa. Tanga limekuwa dogo, na ni bapa kama ubao. Tumbo la kitambaa lililobaki linaning'inia na unaweza kulifunga au kuliacha. Watu wawili waliozoeana humaliza kwa dakika mbili.

Ni katika miaka hiyo pia ambapo Robin Knox-Johnston alizunguka dunia peke yake bila kusimama, kuanzia 14 Juni 1968 hadi 22 Aprili 1969, siku 312. Yoti yake ilijengwa Bombay, na kabla ya hapo aliiteremsha kutoka India kupitia Muscat na pwani ya Afrika Mashariki hadi Durban. Iliitwa Suhaili, jina la upepo wa Ghuba ambalo manahodha wetu wangelitambua. Mwaka huohuo wa 1968, Lin na Larry Pardey walishusha majini Seraffyn, yoti ya mita 7.4 isiyo na injini, wakasafiri nayo miaka mingi na kuwahubiria wengine urahisi wa vitu vinavyotengenezeka kwa kisu, sindano na uzi.

Ndani ya mlingoti

Marblehead, Massachusetts, ni jirani wa Salem, bandari ileile iliyotuletea marekani. Hapo Ted Hood alikuwa na karakana ya matanga iliyofuma kitambaa chake yenyewe. Mwaka 1974 alishinda Kombe la Amerika akiwa nahodha wa Courageous. Mtu wa mbio namna hiyo ndiye aliyewaletea wasafiri wa taratibu kifaa cha kuwastarehesha: katika miaka ya 1970 kampuni yake ilitoa mlingoti wenye chumba ndani yake, na ndani ya chumba hicho fimbo inayozunguka. Tanga kuu linaingia mlingotini kupitia ufa mwembamba wa nyuma, likijiviringa kwenye fimbo.

Ardhi ilikuwa imeshalainishwa. Matanga ya mbele ya kuviringwa, yaliyoanza Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, yalikuwa yanaenea kwenye yoti za safari, na watu walikuwa wamezoea kuvuta kamba moja tu tanga la mbele likatoweka. Kwa nini tanga kuu lisifanye hivyo? Wanunuzi nao walikuwa wamebadilika. Walikuwa watu wa makamo na wastaafu, wawili wawili, na yoti zao zilizidi kuwa kubwa. Nchini Ufaransa, Henri Amel wa La Rochelle alilifikisha wazo hilo mwisho wake: katika yoti yake Super Maramu, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, mke na mume waliweza kuviringa matanga kwa kubonyeza swichi wakiwa chini ya paa penye usukani.

Nimelisifu jambo hili na naendelea kulisifu. Mtu ambaye goti lake limechoka, ambaye hawezi kwenda mlingotini usiku chombo kikiyumba, amepewa miaka kumi zaidi ya bahari na kifaa hiki. Hilo si dogo. Lakini bei yake haimo kwenye ankara peke yake.

Tanga la kuingia mlingotini haliwezi kuwa na fito za ulalo, kwa hiyo ukingo wake wa nyuma hukatwa kwa kupinda kuelekea ndani ili usipepesuke. Eneo linapungua, na nguvu ya chombo upepo ukiwa hafifu inapungua nalo. Baadaye washonaji walitia fito za wima zinazoviringika pamoja na tanga, wakarudisha sehemu ya kilichopotea na kuongeza kitu kingine cha kunasa kwenye ufa. Mlingoti ni mnene na mzito zaidi. Tanga lililokunjwa kwa tabaka hushuka na uzito wake kwenye boriti, ilhali lililoviringwa mlingotini hubaki juu kuanzia chini hadi kileleni, wakati uleule ambao unataka uzito uwe chini. Bandarini, upepo ukipita kwenye ufa mtupu, mlingoti hulia kama chupa inayopulizwa mdomoni, usiku kucha.

Kubwa zaidi ni kunasa. Tanga likiviringwa kwa ulegevu, siku ya upepo mdogo, mviringo unakuwa mnene na laini. Siku ya upepo unavuta kona ya nyuma, tabaka la nje linabana la ndani, mkunyanzi mmoja unaingia kwenye ufa, na tanga linakataa kutoka au kurudi. Likiwa limetoka nusu, huwezi hata kuliteremsha, kwa maana mviringo uliobaki umeishika fimbo. Mabaharia wazuri wa mfumo huu wanajua dawa yake: boriti iwe kwenye kimo sahihi, kona ya nyuma ishikiliwe kwa mvuto kidogo tanga linapoingia, na kila zamu ya kuviringa itazamwe kwa macho. Tanga lililozeeka na kuvutika lifanyiwe kazi au libadilishwe, maana tumbo lake ndilo linalonasa.

Ndani ya boriti

Waliokataa kupoteza fito walirudi kwenye wazo la marubani wa Bristol na kuligeuza ndani nje. Boriti isizunguke, iwe na tumbo, na ndani yake fimbo izunguke. New Zealand, nchi ya washindani wa mbio na wajenzi wa yoti, ilikuwa miongoni mwa waliolifanyia kazi kwa bidii. Fito za ulalo zinaviringwa pamoja na tanga, kwa hiyo umbo linabaki zuri. Likikwama, kwa kawaida unaweza kulegeza henza na kulishusha tanga zima sitahani kama tanga jingine lolote. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kuu.

Masharti yake ni makali. Pembe kati ya boriti na mlingoti lazima iwe karibu mraba kamili, na ikikosea hata nyuzi chache ukingo wa mbele hutambaa mbele au nyuma kwenye fimbo mpaka ukwame. Ukingo huo hupita kwenye mfereji mlingotini na kulika polepole. Bei nayo imewazuia wengi.

Mkunjo wa kawaida haukukaa kimya. Fito ndefu kutoka ukingo hadi ukingo, wazo la Wachina, zilifika kwenye yoti za Ulaya na Marekani katika miaka ya 1980, na pamoja nazo vigari vidogo vyenye gololi vinavyoteremka mlingotini bila kusita. Kamba za pembeni zikalipokea tanga linaposhuka, na mfuko wa kitambaa ulioshonwa juu ya boriti ukalifunika. Kamba za mikunjo zikaletwa penye usukani, kama Hasler alivyofanya. Katamarani za kukodisha, ambazo matanga yao ni mapana kileleni na hayawezi kuingia mlingotini, karibu zote zinatumia njia hii. Yoti za mkuku mmoja za kukodishwa Mediterania, zinazopokea wageni wapya kila Jumamosi, nyingi zina mlingoti wa kuviringa. Mwenye kukodisha anajua atampa chombo mtu atakayejifunza kamba zake asubuhi na kuondoka mchana.

Kabla ya magharibi

Wale wawili wa yoti ya mita 12, wakinitaka ushauri, ningewauliza kwanza nani kati yao ana mgongo mbovu, na safari yao ni ya visiwani au ya bahari kuu. Kwa safari ndefu za mbali na mafundi, mimi ningechagua mikunjo mitatu ya tabaka, fito ndefu na vigari vya gololi, kwa sababu tanga hilo litashuka hata kila kitu kikivunjika. Wakiamua mlingoti wa kuviringa nisingewapinga, ila ningewaomba walipandishe na kulishusha tanga lote mara mbili bandarini siku ya shwari, ili mikono yao iijue njia kabla ya dhoruba kuwafundisha.

Kisha kuna desturi ambayo wenye mifumo yote mitatu wameifikia kila mmoja kwa njia yake. Saa kumi na mbili jioni, jua likielekea kuzama na upepo ukiwa bado mzuri, wanapunguza tanga. Hakuna kinachowalazimu, chombo kingeweza kubeba tanga lote mpaka usiku wa manane. Mmoja anavuta kamba, mwenzake anashika usukani, wanakula, na anayekwenda kulala kwanza anapita kwenye winchi na kuigusa kamba ya mkunjo kuona kama imekaza.